Pipi za Kufunga Mdomo

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja wa kazini alirudi kutoka kwa wakwe zake na kopo jekundu la bati. Akaliweka juu ya meza tunayonywea chai, akafungua, akasema tukaribie, ni vitu vya mwaka mpya wa Kichina. Kabla sijaona kilichomo, pua ilikwishaniambia: ufuta uliokaangwa, na chini yake ule utamu mzito wa sukari ya shayiri, unaokaribia kuungua lakini haujaungua. Wenzangu wakachukua mojamoja. Mimi nikajikuta nimebana meno kama mtoto anayekataa dawa, mtu mzima na watoto wangu wawili, naogopa pipi.

Si kwamba sizipendi. Kwa kweli nazipenda, na siku hiyo nilichukua mbili nikazitia kwenye mkoba. Lakini ule utamu, kwangu mimi, umefungamana na wiki moja ya utotoni, na kila anayenisikia nikiisimulia hucheka kabla sijafika mwisho. Wacha acheke. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Nilikuwa sijang'oa hata meno ya mbele. Mama alinitoa shule katikati ya wiki, bila sababu, tukapanda basi Tanga mpaka Dar, na baada ya hapo basi juu ya basi, tukivuka mipaka ambayo niliiona nikiwa nusu usingizini, kichwa changu juu ya mapaja yake. Nilipomuuliza tunakwenda kufanya nini Johannesburg, alisema, "Kumsalimia shangazi yako." Hata mimi nilijua kwamba mtu hapandi mabasi yote hayo kwenda kutoa salamu. Lakini Mama hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili, na tangu bibi yangu mzaa mama afariki alikuwa amepunguza maneno kabisa.

Shangazi Tatu alikuwa dada pekee wa marehemu baba yangu. Baba simkumbuki, alifariki nikiwa bado natambaa, na kwetu shangazi ndiye baba mwenyewe aliyevaa gauni. Huyu nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Jambo moja nililijua juu yake, nalo nililipata siku ya kuondoka, kwa jirani yetu wa Ngamiani aliyekuja kutuaga. Alinishika kidevu, akanitazama kama anayenihurumia, akasema, "Tatu wa watu hana mtoto. Ukamfurahishe."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniharibia safari. Kwa sababu kwetu mtoto huombwa. Rafiki yangu Mwajuma, tuliyekuwa tukicheza naye rede, aliombwa na shangazi yake wa Pemba. Yule mama alikuja kutembea, akanywa kahawa, akasema neno lake mbele ya wazee, na siku ya pili nguo za Mwajuma zilikuwa kwenye kikapu. Hakuna aliyegombana. Ombi la ndugu likishatamkwa mbele ya mkubwa wa ukoo, nani mwenye uso wa kulikataa? Niliielewa sheria hiyo kama nilivyoielewa michezo yetu: kila kitu kimo kwenye neno. Lisipotamkwa, hujaombwa. Likitamkwa, umekwisha.

Kwa hiyo nilifika Johannesburg nikiwa nimejiandaa kumchunga mtu mdomo.

Shangazi alikuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao, kila mlango na familia yake. Mumewe alikuwa Durban akifuatilia mzigo, hatukumkuta. Alitupokea vizuri, akamshika Mama mabegani, wakalia kidogo kwa ajili ya bibi, halafu akanigeukia. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini hakunikumbatia wala kunishika. Alinitazama tu, juu mpaka chini, kisha akauliza, si mimi, Mama, "Huyu analala vizuri? Hakojoi kitandani?"

"Hajui hata kukojoa kitandani ni nini," Mama akasema haraka. "Mwana, mwonyeshe shangazi yako unavyokunja kanga."

Nikakunja kanga. Baadaye nikasoma sura mbili za juzuu amma bila kukosea. Baada ya kula nikaambiwa nioshe vyombo ili shangazi aone. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikabidhiwa sponji siku ile ile ya kwanza. Na Shangazi muda wote ananitazama kwa pembe ya jicho, akisema "hmm", na kugeuka upande nikimtazama. Nilikuwa nimemwona Mama akinunua samaki sokoni. Nilijua mnunuzi mwenye hamu huficha hamu yake ili bei isipande. Nikasema, haya, huyu ananitaka.

Mchana tulikuwa tukienda naye Malvern, kwenye duka lake la Jules Street, chumba chembamba kilichojaa vitenge, majani ya chai, bizari na udi. Walipotaka kuzungumza, yeye na Mama, mimi nilitolewa nje. Hilo nalo lilikuwa ushahidi. Jioni nyumbani walizungumza upande wa pili wa ubao. Mama alikuwa na sauti ya chini ambayo haipiti hata kwenye pazia, lakini Shangazi, aliyezoea kuuza barabarani, alisikika hata akinong'ona. Basi nilikuwa nikisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Shule ipo, pale juu tu, si mbali." Kimya. "Kitanda si shida, wifi, kitanda kinapatikana." Kimya kirefu. "Eish. Mtoto mzuri, nani kasema si mzuri?" Nilivuta shuka mpaka machoni. Kila siku ilipopita bila lile neno kutamkwa nilihesabu kwamba nimeshinda, na kila asubuhi hofu ilianza upya.

Pembeni ya duka la Shangazi palikuwa na duka la mama mmoja wa Kichina. Mtaa mzima walimwita Mama Lin. Aliuza kila kitu, kuanzia ndoo mpaka maua ya plastiki, na chini ya turubai lake, mbele ya mlango, alikaa Yaya Mireille, mwanamke wa Lubumbashi, Kongo, aliyekuwa akisuka nywele; kwao yaya ni dada mkubwa. Nikitolewa nje nilipelekwa kwa Yaya. Alinipa kazi ya kumshikia rasta, na kwa kuwa mimi sikujua Kiingereza wala Kizulu, yeye, na Kiswahili chake cha Kongo, ndiye aliyekuwa ulimi wangu.

Wiki ile mwaka wa Wachina ulikuwa unakaribia kwisha. Mama Lin alikuwa anabandika karatasi nyekundu mlangoni, na kwenye kaunta alipanga masahani ya vitu ambavyo sikujua kama ni chakula au mapambo. Akaniona natazama. Akanisogezea sahani.

Shangazi alikuwa amenikataza kula chochote cha pale kabla ya kuuliza kimepikwa kwa mafuta gani, kwa hiyo nikamtazama Yaya. Yaya akauliza kwa Kiingereza chake cha barabarani, Mama Lin akanyoosha kidole, hii hapana, hii hapana, hizi zote ndiyo. Zile za hapana, vikeki vya mviringo vyenye mng'ao, akazihamishia mbali kabisa, nyuma ya redio, nisije nikakosea. Ndipo nikaanza. Kwanza kijiti cheupe nilichodhani ni chaki. Kumbe ni boga lililopikwa kwenye sukari mpaka likakauka. Linakwaruza nje na ndani lina maji. Kisha kipande cha duara chenye matundu, kama kitu kilichong'oka kwenye mashine. Nilikizungusha, nikachungulia barabara kupitia matundu yake, Yaya akasema, "Kula, haiko ya kuchezea, iko muzizi wa maua." Kilikuwa kigumu na kitamu na hakikufanana na kitu chochote nilichowahi kula, na nilikipenda kwa namna ya kuona aibu, kama ninayesaliti. Halafu karanga na ufuta zilizogandishwa kwa sukari, na hizo zilikuwa kashata, kashata tupu. Nikatamani nyumbani.

Mwisho Mama Lin akanipa kidonge cha rangi ya asali, kimeviringishwa kwenye ufuta. Joto la siku zile za mawingu lilikuwa limekilegeza. Nikauma, na meno yakakamatana. Nilivuta taya la chini, halikuja. Nilitaka kusema "Yaya", nikatoa mlio wa puani. Niliogopa mpaka machozi yakanitoka, na Mama Lin akaanza kucheka, akashika shavu langu kwa mkono wake uliokuwa baridi, akasema maneno mengi.

"Usiogope, ma chérie, itayeyuka," Yaya akasema, naye anacheka. "Anasema hii bonbon haiko ya batu kwanza. Iko ya ule mwenye kukaa mu jiko."

Niliuliza kwa macho.

"Ku kwabo, mu kila jiko muko mwenye kuchunga. Mwaka muzima anaangalia tu. Nani aligombana, nani aliiba sukari, nani alidanganya. Alafu mbele mwaka uishe, anapanda kule juu kupeleka habari yote. Sasa bo banafanya nini? Banamupakaa hii bonbon ku kinywa. Meno inakamatana! Akifika kule juu, bakimuuliza, atasema nini? Mmm, mmm tu. Kama weye."

Sikuona ajabu hata kidogo. Ustadhi wetu alikuwa ametufundisha kwamba kila mtu ana malaika wawili mabegani wanaoandika matendo yake. Hawa wenzetu, niliona, wana mmoja, tena anakaa jikoni. Kilichonishangaza ni kwamba sisi wenye wawili hatujawahi kufikiria kuwapa hata kashata.

Pipi ilipoyeyuka nilikuwa nimeshaamua. Nikamwomba Yaya aniombee nyingine za kupeleka nyumbani. Mama Lin akanifungia chache kwenye karatasi nyekundu, akaikunja pembe vizuri kama mtu anayefunga dawa, na mimi nikaishikilia ndani ya mfuko wa gauni kama roho yangu.

Siku ya pili yake, tukirudi Bellevue kwenye gari bovu la Shangazi, tulisimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani. Nyekundu ilichelewa. Mama akasema bila kugeuza kichwa, "Wifi, baba atapiga simu kesho baada ya alasiri. Tulimalize jambo hili. Basi letu ni Jumamosi."

"Usinikimbize, wifi," Shangazi akasema.

"Sikukimbizi. Lakini lazima lisemwe mbele yake."

Shangazi alininyanyulia macho kwenye kioo cha gari, akakuta namtazama, akayatoa haraka. Baba waliyemsema ni babu yangu, baba yake Shangazi na wa marehemu baba, mkubwa wa ukoo wetu mzima. Na Babu hakuwahi kumnyima binti yake huyu kitu. Basi ndiyo hivyo, nikafikiri. Kesho Shangazi atasema neno lake kwenye simu, Babu atasema ndiyo, na Jumamosi Mama atapanda basi peke yake.

Usingizi sikuupata sawasawa. Nilimshika Mama kanga yake, upande wa pindo, nikaizungusha kwenye kidole mpaka kikafa ganzi.

Siku ya simu joto lilikuwa la kukaba. Shangazi alifunga duka mapema. Mawingu ya Johannesburg mwezi ule hujikusanya mchana kutwa kama watu wanaopanga ugomvi, na alasiri yalikuwa meusi kabisa juu ya mabati. Mama alivaa vizuri, akafukiza udi, akatandika mkeka. Halafu akatoa kwenye begi doti mpya ya kanga, bado ina ugumu wake wa dukani, akamwekea Shangazi mapajani. "Wifi, hii yako." Nikajua ni zawadi ya kuagana, na roho ikanipaa, kwa sababu nani anaagana na mtu ambaye hajamaliza naye jambo? Simu ilikuwa katikati ya mkeka, juu ya kigoda. Shangazi hakuigusa doti. Alikuwa akifuta viganja kwenye gauni, akifuta na kufuta tena.

Nikaona sasa ndiyo saa yenyewe. Nikaitoa karatasi nyekundu. Kwa joto na kwa kushikwashikwa zile pipi zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, bonge kubwa kama ndimu.

"Shangazi," nikasema, "nimekuwekea zawadi."

Alinitazama. Mpaka leo naukumbuka uso ule. Wiki nzima alikuwa amenikwepa, na sasa kitu fulani kikamlegea machoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi?"

"Wewe peke yako."

Mama alitabasamu, tabasamu lake la kwanza tangu tufike. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili kama inavyopokelewa zawadi. Mtu aliyelelewa Tanga hamkatalii mtoto kitamu anachompa kwa mkono wake. Akauma nusu nzima.

Simu ikalia.

Mama akapokea, akaweka spika. Wakasalimiana, Babu akauliza hali ya safari, akauliza baridi, Mama akasema hakuna baridi, ni joto. Na juu ya mabati matone ya kwanza yakaanza, makubwa, halafu si matone tena, mawe, mvua ya mawe. Mimi macho yangu yako kwenye taya la Shangazi. Lilikuwa linakwenda polepole. Likakwama.

"Tatu, mwanangu," sauti ya Babu ikasema. "Mke wa marehemu kaka yako kanieleza yote. Anakwenda Maskati kufanya kazi, mkataba wake tayari. Mama yake hayupo tena, na mimi na macho yangu haya siwezi kuangalia hata sufuria. Anakuomba umlee mtoto. Nakuuliza mbele yake. Umekubali?"

Nilisikia kila neno. Anakuomba. Mama ndiye anayeomba. Nilimtazama Mama nikisubiri acheke, aseme Babu amechanganya, wazee huchanganya. Mama hakunitazama. Alikuwa anamtazama Shangazi kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyeinua mtungi na hana pa kuutua. Na vyote vikajipanga kichwani mwangu kwa mkupuo: kanga nilizokunja, sura nilizosoma, vyombo nilivyoosha. Hakuna aliyekuwa ananinunua. Nilikuwa ninauzwa, na muuzaji ndiye niliyelala nimeshika pindo la kanga yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Shangazi alikuwa anatikisa kichwa.

Alitikisa kwa nguvu, kulia na kushoto, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama anayesimamisha gari, na puani ukamtoka ule mlio ninaoujua. Mmm. Mawe yaliumeza. Babu, Tanga, hakuona kichwa wala mkono.

"Tatu? Mbona kimya?"

Shangazi akaingiza vidole viwili mdomoni, akivuta. Mama alimwona. Alimwona vizuri kama nilivyomwona mimi, tulikuwa mkeka mmoja. Akainama kwenye simu, na kwa ile sauti yake ya chini akasema, "Kanyamaza, baba."

"Kanyamaza?" Babu akavuta pumzi. "Basi mwanamke akinyamaza amekubali, ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu. Alhamdulillahi. Inueni mikono."

Na akaanza Fatiha.

Nilitaka kupiga kelele kwamba hakukubali, mdomo wake umenata, mimi ndiye niliyeunatisha. Mdomo wangu haukuwa na kitu na haukufunguka. Mama aliinua mikono. Mimi nikainua yangu, kwa sababu Fatiha ikisomwa mkono unakwenda wenyewe. Na Shangazi, polepole, akautoa mkono wake mdomoni, uzi wa sukari ukavutika kutoka kwenye midomo mpaka kwenye kidole, akauinua na ule mwingine. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Babu alipofika mwisho tulisema amin, Mama na mimi. Ya Shangazi haikutoka.

Simu ilipokatika, Shangazi alifanikiwa kulitoa lile bonge, akalitazama kwenye kiganja. Jino lake la kubandika lilikuwa limekaa katikati.

"Uliniona, wifi," akasema.

"Nilikuona."

"Uliniona natikisa kichwa."

"Nilikuona, Tatu." Mama hakujitetea. "Nimpeleke wapi? Niambie wewe. Nimpeleke wapi?"

"Si kwamba simtaki!" Shangazi akapaza sauti. "Wiki nzima namwangalia nisimwangalie. Mimi nilishalea, wifi, unajua. Mtoto wa ndugu wa mume wangu, tangu hajaota meno. Walipomtaka wakaja wakamchukua kama mtu anayefuata sufuria yake aliyoazimisha. Hata asante walisahau. Nilikaa nikipika chakula cha watu watatu sijui mpaka lini."

"Mimi si kama wao. Nitarudi kumchukua, naapa."

"Ndilo hilo ninaloliogopa," Shangazi akasema.

Ndipo akanigeukia, akanionyesha kiganja chake na kile kilichomo. "Na wewe, nani kakufundisha hii?"

Nikasema yote. Nilisema nikilia, kwa maneno yaliyopandana: Mwajuma na kikapu chake, mwenye kukaa jikoni, meno yanayokamatana, kwamba nilidhani yeye ataniomba kwa Babu na Babu atasema ndiyo, na mimi sitaki, nataka kurudi na Mama yangu, nilimfunga mdomo ili nirudi na Mama yangu.

Shangazi alianza kucheka, kile kicheko kibaya kisichosimama, akajipiga paja, "Mtoto huyu, mtoto huyu," mpaka kikageuka kilio. Mama yeye hakucheka wala hakulia. Aliivuta ile doti mpya kutoka kwenye mapaja ya Shangazi, akajifunika nayo uso, akakaa hivyo. Nilimsogelea nikaipapasa kutafuta mkono wake chini ya kitambaa kigumu, na nilipoupata aliukaza hata vidole vyangu vikauma. Nadhani siku hiyo ndipo alipojua kwa hakika kwamba nilikuwa nampenda zaidi ya anavyostahili kupendwa mtu anayeondoka. Sikumlaumu wakati ule. Nilimlaumu baadaye, nilipokuwa mkubwa kidogo na mjinga zaidi, na kisha nikazaa, nikaacha.

Jumamosi tulimpeleka kituo cha mabasi, Park Station. Alinifunga vifungo vya sweta ingawa ni majira ya joto, akanifungua, akanifunga tena. Alipopanda basi hakukaa kwenye dirisha la upande tuliosimama. Niliporudi Bellevue nilikataa kula, na Shangazi hakunibembeleza. Alikula chake, akafunika changu na sahani, akakaa nami mkekani mpaka nikalala. Asubuhi kilikuwa bado kipo. Nikakila kikiwa baridi, na sikumbuki chakula kilichowahi kuwa kitamu namna ile.

Mama alikaa Maskati zaidi ya alivyosema. Alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa Kiswahili changu kilikuwa kimepungua na Kiingereza kimeongezeka, mpaka tukawa tunaelewana zaidi kwa kucheka. Aliporudi nilikuwa nimemzidi urefu. Hakusema amekuja kunichukua, ingawa Shangazi alikuwa ameshanipangia nguo kwenye begi, zimepigwa pasi, begi lenyewe limekaa mlangoni wiki nzima bila mtu kuligusa. Sijui nani kati yetu watatu aliogopa zaidi siku zile.

Na Shangazi? Alinilea. Alinipiga, alinisomesha, alinifichia makosa yangu kwa mumewe, alisimama nje ya lango la shule mvua ikimnyeshea. Hakuwahi kuniambia ananipenda, na mimi sikuwahi kuhitaji kuambiwa, ila kwa jambo moja lililonikaa moyoni kama mwiba mdogo, ambao sikuupa sauti mpaka asubuhi ya harusi yangu. Mama alikuwa chumba cha pili na wageni. Shangazi alikuwa ameketi mbele yangu na koni ya hina, ameinamia kiganja changu, miwani kwenye ncha ya pua.

Nikamuuliza: siku ile ya simu, kama mdomo wako ungekuwa huru, ungemjibu Babu nini?

Nilikuwa natumaini, nani asiyetumaini. Hakuinua kichwa. Alimaliza jani alilokuwa akilichora, akaanza lingine.

"Ningesema hapana," akasema. "Usitikise mkono, Mwana. Utaniharibia."